UZI: Mmea wa chungu ulionunua juzi umeanza kunyauka? Weka chini jagi la maji, soma kwanza

Kiwandani (mwanzisha uzi)

Asalaam aleikum, na habari zenu nyote.

Masika yakikaribia watu wa Lamu hununua maua, na wiki mbili baadaye simu yangu hujaa picha. Mmea umeinamisha kichwa, na chini yake maneno yale yale: "Shangazi, ulikuwa mzuri kama nini kitaluni, nimeukosea nini?" Juzi zimenijia tatu kwa siku moja. Fikasi ya jirani wa Mkomani imepukutisha majani sakafu nzima, mwaridi wa mtu wa Shela umekausha vitumba, na gadenia ya mpwa wangu aliye Malindi imegeuka manjano. Nimeona niandike kwa kituo, na mwenye swali aulize hapa hapa.

Mimi nakaa Lamu mjini, nyumba ya mawe. Maua yangu mengi yako kiwandani, ule uwanja wa ndani ya nyumba, mengine darini, juu ya paa. Nimeyalea miaka 16 sasa, na ninachokijua nimekipata kwa kuchafua mikono na kuwasumbua wenye vitalu kwa maswali.

Neno langu kubwa ni hili: mmea mpya ni mzazi. Kwetu mwanamke akijifungua anakaa arobaini. Hapigwi na upepo, hatumwi kazi, chakula chake kinachaguliwa. Hakuna anayemwambia siku ya tatu inuka ukafue. Mmea ulioununua jana nao umetoka kwenye jambo zito, na mwili wake unataka siku za kujirudi. Sisi tunafanyaje? Siku ile ile tunaung'oa kwenye mkebe wake tuutie chungu kizuri, tunautia mbolea "upate nguvu", tunauweka juani, na tunaumwagia maji asubuhi na jioni kwa mapenzi. Ukifa tunasema tumeuziwa mmea mgonjwa. Mara nyingi haukuwa mgonjwa. Ulinyimwa arobaini yake.

Nieleze umetoka kwenye jambo gani.

Kitaluni mmea unaishi chini ya wavu mweusi unaokata nusu ya jua au zaidi. Unamwagiliwa kwa saa zake, hewa ina unyevu, na unalishwa unawiri haraka kwa sababu mnunuzi hununua kwa macho. Majani unayoyaona siku ile yote yamezaliwa kivulini: mapana, laini, kijani kilichokoza. Jani lililozaliwa kivulini haliwezi kugeuka jani la jua. Ukiliweka darini litaungua, kisha mmea utaota mengine, madogo na mazito zaidi, yanayolimudu jua lile. Kazi hiyo ya kuota majani mapya inachukua kama wiki nne hadi sita, na hapo ndipo hesabu ya arobaini inapokutana na hesabu ya mimea. Kinyume chake ni kweli pia. Mmea uliokulia juani ukiuingiza ndani ya kuta zetu hizi nene, utaangusha majani ambayo hauwezi tena kuyalisha.

Na jicho linatudanganya sana kwenye mwanga. Saa sita mchana wakati wa kaskazi, darini kuna mwanga wa laksi (kipimo cha mwanga) laki moja hivi. Ingia ndani, simama hatua tatu kutoka mlangoni karibu na zidaka, vile vishubaka vya ukutani, umebaki na mia chache. Jicho linajirekebisha, unasoma gazeti bila taabu, unasema chumba hiki kina mwanga. Jani halijirekebishi namna hiyo. Kipimo changu ni mkono: adhuhuri, unyooshe juu ya pale unapotaka kuuweka mmea. Ukiona kivuli chenye ukingo mkali, jua ni kali. Kivuli chepesi kisicho na ukingo kinafaa mimea mingi iliyo kwenye arobaini. Usipoona kivuli chochote, hapo mmea utaishi kwa akiba yake mpaka iishe.

Halafu safari. Miche mingi inayotufikia imepakiwa lorini, ikapita Garsen na Witu, ikashushwa Mokowe, ikavushwa kwa boti huku manyunyu ya chumvi yakiipiga. Siku nzima gizani au upeponi. Iliyotoka bara kule Limuru imeshuka kutoka mahali palipo zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, penye usiku wa baridi, ikaja kwetu ambako hata usiku wa manane unalala bila shuka.

Kwa hivyo mmea ukifika, fanya machache. Uoshe majani kwa maji matamu, juu na chini, chumvi na vumbi vitoke. Uweke kiwandani peke yake, mbali na maua yako mengine, angalau wiki mbili, maana wadudu husafiri nao. Kama una maua na vitumba vingi, kata vingi. Najua inauma, ndiyo uliyoyalipia, lakini ua linakula nguvu ambayo mizizi inaitaka. Usibadilishe chungu. Usitie mbolea. Uache ukae.

Kila nikifanya hivi namshukuru aliyeijenga nyumba hii. Kiwanda cha nyumba ya Lamu kiko wazi juu, kuta ndefu pande zote, jua linagusa sakafu saa chache tu za katikati ya mchana, na kusi ikivuma nje hata jani la mrehani halitikisiki. Hutapata mahali bora pa kukalia arobaini. Asiye na kiwanda atafute ubaraza unaopata jua la asubuhi tu. Wiki ya tatu anza kuusogeza: saa moja ya jua la asubuhi, wiki ijayo saa mbili, mpaka ufike pale unapotaka uishi.

Sasa maji, maana hapa ndipo mimea mingi inapofia.

Mwaka wangu wa kwanza nilileta gadenia sita kutoka kitalu kimoja cha bara. Nilitaka ziwe zimechanua kwa harusi ya ndugu yangu. Wiki ya pili moja ikalegea, nikaimwagia maji. Kesho yake ikalegea zaidi, nikaongeza. Nne zilipokufa, niliitoa ya tano kwenye mkebe nikailaza kwenye sinia. Udongo uliteleza kama uji. Mizizi ilikuwa ya kahawia, na nilipoivuta kwa vidole gamba lake lilichomoka kama soksi, ukabaki uzi mwembamba. Harufu niliijua papo hapo. Ni ile ya tope la mikoko maji yakipwa.

Nilikaa pale chini na sinia langu kitambo kizuri. Tope la mikoko linanuka vile kwa kukosa hewa. Mchu, mmoja wa mikoko, umejaliwa, unachomoza mizizi ya kupumulia juu ya tope kama penseli zilizochomekwa. Gadenia haina mizizi ile. Mizizi yake inapumua hewa iliyo kwenye vitundu vya udongo, na ukivijaza maji, oksijeni inapenya humo polepole mara 10,000 kuliko inavyopenya hewani. Mizizi inakosa pumzi, inakufa, vimelea vya kuozesha vinaingia, na mzizi uliokufa haunywi. Ndiyo maana mmea unanyauka ilhali udongo umelowa. Umesimama majini na una kiu. Nasi tukiuona umelegea, tunaongeza maji.

Kwa hivyo kabla ya kumwagia, ingiza kidole mpaka pingili ya pili. Ukihisi unyevu, ondoka. Kisha jifunze kuinua chungu. Kiinue mara tu baada ya kumwagilia, uhisi uzito, halafu kila asubuhi kiinue tena. Wiki moja tu, mkono utakuwa umejua. Na siku ya kumwagilia, mwagilia kikamilifu mpaka maji yatoke chini, usinyunyize kikombe. Yaliyobaki kwenye sahani yamwage baada ya nusu saa. Vile vyungu vizuri vya kuficha mkebe, visivyo na tundu, vichunguzwe kila mara. Nimetoa maji ya wiki tatu kwenye kimoja.

Chumvi na wadudu nitaeleza wenyewe wakiuliza.

Jirani wa Mkomani

Shangazi, fikasi ni yangu. Imebaki vijiti. Nilikuwa nimeiweka sebuleni, nikaona giza, nikaitoa nje, jua likawa kali nikairudisha, kisha nikaipeleka darini. Niitupe?

Kiwandani

Usiitupe, mwanangu. Fikasi inachukia kuhamishwa kuliko mmea wowote ninaoujua. Ukiisogeza mara moja inaangusha majani, wewe umeisogeza mara nne. Kwaruza gome la kijiti kwa ukucha, kidogo tu. Chini yake kukiwa kijani na unyevu, ipo hai. Kukiwa kahawia na kavu, shuka chini kidogo ukwaruze tena, mpaka ufike penye kijani, na hapo juu yake ukate.

Chagua mahali pamoja penye kivuli chepesi, iweke, basi. Na upunguze maji sana. Mmea usio na majani haunywi, kwa hivyo maji uliyozoea kuupa sasa yanabaki udongoni yakiozesha. Kwaruza leo utuambie.

Mpwa wa Malindi

Shikamoo shangazi. Gadenia yangu haijalegea, imekuwa manjano, na si majani yote. Yale machanga ya juu ni manjano lakini mishipa yake ni kijani kabisa, kama ramani. Ya zamani ncha zake zimeungua kahawia. Juu ya udongo pana ukoko mweupe. Maji natumia ya kisima cha hapa nyumbani.

Kiwandani

Marahaba mwanangu. Umeeleza vizuri hata picha sikuihitaji. Una maradhi mawili, na yote mawili yametoka kwenye kile kisima.

La kwanza ni chumvi. Visima vingi vya kando ya bahari, Malindi na huku kwetu, vina chumvi kidogo hata kama mnakunywa. Mmea unavuta maji, chumvi inabaki udongoni, na kila siku unaongeza. Ule ukoko mweupe ndiyo yenyewe. Ikizidi, mizizi inashindwa kuvuta maji na ncha za majani zinaungua. Dawa ni kuusafisha udongo: peleka chungu bafuni, mimina maji matamu taratibu, kiasi cha mara mbili ya ujazo wa chungu. Chungu cha lita 5, maji lita 10. Yaache yachuruzike yote yatoke. Kabla ya kumimina kwangua ukoko wa juu uutupe.

La pili ni chokaa. Nchi yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe. Maji yanayopita humo yanabeba chokaa, na udongo wenye chokaa unafunga madini ya chuma. Chuma kipo lakini mmea hauwezi kukichukua, na bila chuma jani changa halipati ukijani wake. Gadenia inapenda udongo mchachu, kwa hivyo inalia kabla ya wengine. Kumbuka alama hii: majani machanga yakiwa manjano na mishipa kijani, fikiria chuma. Majani ya zamani ya chini yakiwa manjano yote, fikiria maji kuzidi au mmea kukosa chakula. Watu wengi wanachanganya haya mawili, wanaongeza mbolea ya kawaida kwenye udongo uliojaa chumvi, na mbolea nayo ni chumvi.

Nyinyi mna maji ya mfereji kutoka Baricho, mto Sabaki. Tumia hayo badala ya ya kisima, na masika yakianza kinga maji ya mvua. Mvua haina chumvi wala chokaa. Wazee wetu wa visiwani, Pate na Kiwayu, walijenga majabia, matangi ya maji ya mvua, wakinge kila tone, nasi tunaacha paa zima la bati limwagike barabarani. Jerikeni nne za maji ya mvua zinatosha gadenia moja muda mrefu. Ukitaka kuisaidia upesi, duka la pembejeo lina mbolea ya chuma ya kunyunyizia majani. Nyunyiza jioni, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, usizidishe. Hii ndiyo mbolea pekee ninayoiruhusu ndani ya arobaini, na kwa mmea wenye alama ile tu.

Na sisi tunaokaa darini tusisahau: chumvi haiji kwa maji peke yake. Kusi ikivuma inabeba manyunyu mpaka juu ya nyumba. Kila Ijumaa asubuhi nayaosha majani ya darini kwa maji matamu.

Mzee wa Langoni

Binti yangu, umesema mengi ya haki, lakini hujataja kokoto. Mama yangu alikuwa akitia vigae na kokoto robo ya chungu kabla ya udongo, maji yashuke. Mrehani wake ulijaa kiwanda. Mbona nyinyi wa sasa hamfanyi?

Kiwandani

Shikamoo mzee wangu. Mama aliufahamu mrehani kuliko mimi, na sitaki kumkosea adabu marehemu. Kigae kimoja juu ya tundu, ili udongo usitoke, ni sawa kabisa, nami naweka. Hiyo robo ya kokoto ndiyo ninayoomba tuitazame upya.

Chukua sponji ya kuoshea vyombo, iloweshe, ishike ikiwa imelala bapa juu ya beseni. Maji yatadondoka, yataacha. Sasa, bila kuikamua, isimamishe wima. Itadondosha tena maji mengi. Ni sponji ile ile, kilichobadilika ni kimo. Udongo unafanya vivyo hivyo. Daima unabaki na tabaka lililolowa chepe kwenye sehemu yake ya chini kabisa, na kina cha tabaka hilo ni kile kile chungu kikiwa kirefu au kifupi. Ukitia kokoto robo, maji hayarukii kwenye kokoto mpaka udongo wa juu yake ujae kabisa, kwa hivyo lile tabaka linapanda juu, karibu na mizizi. Umeufupisha udongo.

Mrehani wa mama ulistawi, naamini, kwa sababu vyungu vilikuwa vya udongo wa kuchoma. Vile vinapumua ubavuni, na maji yanatoka kwa pande zote. Leo tunatumia plastiki, nayo haipumui hata kidogo. Plastiki nyeusi ikipigwa na jua la alasiri, mizizi ya ubavuni inapikwa. Ukiwa nayo, itie ndani ya chungu cha udongo kikubwa chenye tundu, upate kivuli cha ubavu.

Mzee wa Langoni

Nimeijaribu sponji mbele ya wajukuu. Ni kweli. Allah akuzidishie.

Mkulima wa Mpeketoni

Mimi shida yangu ni tofauti. Nimenunua yasmini, nikimwaga maji yanatoka chini sekunde ile ile, lakini mmea unanyauka. Halafu kwenye udongo mna vidonge vidogo vya mviringo, rangi ya manjano na kijani. Ni mayai ya konokono?

Kiwandani

Vidonge ni mbolea inayoyeyuka polepole, wameitia kitaluni. Ndiyo sababu nyingine ya kutoongeza mbolea, chakula kipo cha miezi kadhaa.

Maji kupita namna hiyo: mmea wako umepandwa kwenye mboji nyepesi ya kinamasi, au vumbi la makumbi ya nazi. Mboji ya namna hiyo ikikauka kabisa njiani inakataa maji. Inasinyaa, inaachana na ukingo wa mkebe, na maji yanateremka pembeni huku katikati pakiwa pakavu. Kidole hakitakwambia ukiingiza pembeni, lakini kuinua kutakwambia, mkebe utakuwa mwepesi kama kikapu kitupu. Weka mkebe mzima kwenye karai la maji, yafike nusu yake, ukiugandamiza kidogo usielee. Nusu saa, viputo vikiacha kutoka, toa uache uchuruzike. Ukishalowana usiuache ukauke kiasi kile tena.

Mpwa wa Malindi

Na udongo wa kuhamishia, arobaini ikiisha?

Kiwandani

Kwanza chungu. Kizidi kile cha zamani kwa vidole viwili upana, si zaidi. Mmea mdogo kwenye chungu kikubwa umezungukwa na udongo ambao hakuna mzizi wa kuunywa, unabaki umelowa siku kumi. Ukiutoa na ukaikuta mizizi imejizungusha kama kamba ya jahazi, ilegeze kwa vidole, na iliyokaza ikate kwa wembe sehemu tatu nne ubavuni. Ukiiacha itaendelea kuzunguka pale pale mwaka mzima.

Mchanganyiko wangu ni udongo mwekundu sehemu moja, samadi ya punda sehemu moja, na usumba (nyuzi za makumbi) uliokatwa pamoja na mchanga mnene sehemu moja. Samadi ya punda hapa Lamu haina bei, ipo kila uchochoro, ila iozeshwe miezi sita. Ikiwa mbichi inachemka, na imejaa mbegu za nyasi. Kwa gadenia punguza udongo, ongeza mboji.

Makumbi yana jambo lake. Kama yametoka kwa wasokota kamba, yalizikwa kwenye mchanga wa pwani yaoze kwa maji ya bahari. Yamejaa chumvi. Loweka kwenye maji matamu, kamua, mwaga, rudia mara tatu, kisha onja maji ya mwisho kwa ulimi.

Mchanga usiwe wa ufukweni, na tafadhali sana, tafadhali, usiwe wa matuta ya Shela. Matuta yale ndiyo yanayopokea mvua na kutuchujia maji tunayokunywa mji mzima. Gunia moja la maua si dogo kama kila nyumba itachota lake. Nunua wa ujenzi uuoshe.

Nahodha wa Mokowe

Nina krotoni nilizobeba mwenyewe kwenye boti. Kwenye makwapa ya majani kuna kitu cheupe kama pamba, na majani yanata.

Kiwandani

Kaka, hao ni vidung'ata. Wanafyonza utomvu na kunya asali, ndiyo kule kunata, na sisimizi wanawalinda kwa ajili ya asali ile. Tenga krotoni leo leo. Pamba ichovye kwenye spiriti, mguse mmoja mmoja. Kisha sabuni ya maji kijiko cha chai kwa lita moja, nyunyiza jioni, chini ya majani zaidi kuliko juu, suuza asubuhi. Rudia kila siku tano mara nne, maana mayai hayafi kwa mara moja. Mwarobaini nao unafaa: twanga majani, loweka usiku kucha, chuja, nyunyiza.

Wakati wa kaskazi, hewa ikikauka, angalia utitiri. Gonga jani juu ya karatasi nyeupe. Vumbi likitembea, ndio. Hao wanachukia maji, wapige kwa maji upande wa chini wa jani kila siku ya pili.

Mwaridi wa Shela

Mwaridi wangu nimeutoa kama ulivyoeleza. Mizizi nusu ni ya kahawia na inanuka, nusu bado myeupe. Uko hapa kwenye gazeti. Nifanye nini sasa hivi?

Kiwandani

Usiuache ukauke upeponi. Suuza mizizi kwa maji matamu mpaka uione yote. Chukua mkasi uliopanguswa kwa spiriti, kata kila mzizi wa kahawia unaoteleza mpaka ufike penye weupe mgumu. Usiuonee huruma, mzizi uliooza haurudi. Juu nako kata: umepoteza nusu ya mizizi, punguza nusu ya matawi, na vitumba vyote viondoke. Mizizi iliyobaki haiwezi kulisha kichwa kile.

Panda kwenye chungu kidogo, kidogo kuliko cha zamani, udongo mpya wenye mchanga mwingi. Ule wa zamani utupe mbali. Mwagilia mara moja, uweke kivulini, kisha usiuguse mpaka kidole kikwambie pakavu. Mbolea hakuna. Ukinyauka mchana na kuinuka usiku, unajitahidi, uache. Ukinyauka na asubuhi bado umelala, chukua vijiti viwili vyenye afya uvichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, upate mbegu hata mama akiondoka.

Gadenia yangu ya sita niliifanyia hivi usiku ule ule wa sinia. Ilikaa miezi mitatu bila kuotesha jani. Ipo kiwandani mpaka leo, inanifika begani, na harusi tatu za nyumba hii zimepata maua yake kwenye vikuba, pamoja na yasmini na mrehani.

Jirani wa Mkomani (siku 23 baadaye)

Shangazi, nilikwaruza siku ile, kulikuwa kijani. Nikaiacha ubarazani kama ulivyoniambia, maji mara tatu tu tangu siku hiyo. Leo asubuhi nimeona kwenye kila kijiti kuna ncha ndogo kama ya mkuki, kijani kibichi, na mbili zimeanza kujikunjua. Jani lenyewe halifiki ukucha wa kidole kidogo. Chungu kipya nimeshakinunua, kizuri, kina tundu. Niihamishe leo?

Kiwandani

Alhamdulillahi! Umenifurahisha, wallahi. Usiihamishe. Hesabu arobaini kuanzia siku uliyoiweka ubarazani, umebakiza siku 17. Chungu kipya kitie maji kikae kwenye ndoo siku moja kabla ya kupanda, maana udongo mkavu wa kuchoma utafyonza maji ya mizizi. Siku ya 40 ikifika nipigie, nitakuja na samadi.